Sanduku la Bi. Filimbi: Mguu Usiopiga

Mwezi huu sanduku limejaa mpira wa miguu, hata barua za netiboli nimeziweka kando, na mnajua jinsi hilo linavyoniuma. Kwa msomaji mgeni: nilifundisha shule za msingi miaka 31, mingi Muheza, michache Tanga mjini. Nilikuwa mchezaji wa netiboli. Filimbi ya mpira wa miguu nilipewa pale mwalimu aliyekuwa nayo alipohamishwa, na walimu wanaume waliobaki wote siku ile wakaumwa mgongo.

*Shikamoo Bi. Filimbi. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini, nafundisha Darasa la Tatu. Nina watoto 84, mipira miwili (mmoja unavuja upepo) na kipindi cha dakika 40. Nawapanga mistari miwili, wanapiga kwa zamu. Baada ya dakika tano walio nyuma wanaanza mieleka, na hao wanaopiga nao sioni wakiendelea. Nifanyeje? Mwalimu, Handeni*

Marahaba mwanangu. Shika kalamu tupige hesabu kwanza. Mistari miwili ya watoto 42. Mtoto akimbie, apige, aufuate mpira, aurudishe: sekunde 20, tena nakuhurumia. Zamu moja ya mstari mzima ni dakika 14. Katika dakika 40 toa kumi za kutoka darasani, kuvua viatu na kugombania nafasi. Kila mtoto amepiga mara mbili. Mara mbili kwa wiki! Mtoto akipewa kuandika herufi "a" mara mbili kwa wiki utamlaumu kwamba mwandiko wake haueleweki? Hao wa mieleka wana akili zao. Wameona kipindi hakiwahusu, wakaanzisha cha kwao.

Kwa hiyo tatizo lako la kwanza ni foleni, na dawa ya foleni ni mipira mingi. Usimwandikie mkuu wa shule barua ya kuomba mipira 28, utastaafu ukisubiri jibu. Tengeneza chandimu, ile mipira ya kujifungia wenyewe kwa mikono.

Zamani tulikusanya rambo, tukazikunja na kuzifunga kwa kamba ya katani, ambayo Tanga haikuwa shida kuipata. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 watoto wamerudi kwenye matambara, na mimi naona mpira umekuwa mzuri zaidi. Chukua soksi kuukuu ya mtu mzima. Katikati weka kipande cha sponji la godoro kama ngumi, kisha kijazie vitambaa vya fundi cherehani. Ukimfuata jioni atakupa mfuko mzima, tena atakushukuru kwa kumpunguzia kufagia. Kaza mpaka uwe mkubwa kidogo kuliko nazi iliyofuliwa. Funga fundo, kata shingo ya soksi, halafu zungushia mikanda ya tyubu ya baiskeli yenye upana wa kidole, ukikata huku na huku kama ukili. Tyubu ndiyo inayoupa mpira uhai. Bila tyubu unapiga mto wa kulalia. Waambie watoto kila watatu walete mmoja baada ya wiki. Hutapata 28. Utapata 20, na minne itafumuka siku ya kwanza. Ile miwili yako ya dukani ichanganye humo humo.

Chandimu hauendi mbali, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Mtoto hapotezi muda kuufuata kwenye mihogo ya jirani.

Sasa chora mistari miwili ya majivu, hatua sita katikati. Kila kundi la wanne au watano: wawili au watatu upande huu, wawili upande ule. Mwenye mpira anaupiga, kisha anaukimbilia na kuchukua nafasi ya aliyeupokea. Makundi yote yaelekee upande mmoja, mpira wa kundi hili usije ukampiga mtoto wa kundi lile kisogoni. Pigo moja, kutuliza na kubadilishana hazizidi sekunde kumi. Kwa dakika 20 mtoto wa kundi la wanne atapiga mara 30. Linganisha na zile mbili zako.

Hapo ndipo ufundishe kupiga kwenyewe, na hapa nikusimulie kilichonitia aibu. Nilikuwa na mvulana wa Darasa la Tatu, mama yake alikuwa akiuza machungwa pale stendi. Alikuwa na nguvu za ajabu, lakini kila akipiga mpira unapaa, unatua kwenye shamba la maharage ya shule. Wiki mbili nilikodolea macho mguu wake wa kulia. Nikamwambia kaza kifundo, nikamwambia piga katikati, nikamwambia usiegemee nyuma. Mpira ukaendelea kula maharage. Siku moja mvua ikanyesha asubuhi, tukatoka hivyo hivyo. Akapiga, ukapaa, nikaenda kuusimamisha pale alipopigia, nikaona matope yameniandikia jibu. Shimo la mpira lilikuwa hapa, na unyayo wake wa kushoto ulikuwa shubiri nzima nyuma yake. Mguu wa kulia ulilazimika kunyooka kuufuata mpira, ukaufikia kwa chini, na mwili ukabaki nyuma kama mtu aliyevutwa shati. Usingepaa vipi?

Nilichukua kijiti nikachora unyayo ubavuni mwa mpira, upana wa kiganja kutoka kwenye mpira, vidole vikielekea kwa mwenzake. Nikamwambia, "Hii ndiyo nyumba ya mguu wa kushoto. Usipige mpaka mguu umeingia nyumbani." Pigo la tatu lilikwenda chini chini, likampita mwenzake katikati ya miguu. Darasa zima likapiga kelele "Tobo!" Tangu siku hiyo niliacha kutazama mguu unaopiga. Nilikuwa naupitia kwa jicho moja tu. Mguu usiopiga ndio unaoamua mpira uende wapi, na walimu wengi hawauoni kwa sababu hauna makeke.

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza iwe ya nyumba tu. Chora kwa kijiti mbele ya kila kundi. Neno moja: "Nyumba!" Wiki ya pili ongeza kifundo kigumu na goti lililokunjwa kidogo. Wiki ya tatu, mguu uendelee mbele baada ya kupiga, usisimame ghafla kama umegonga ukuta. Mtoto wa miaka minane hawezi kubeba maagizo matano huku anakimbia. Hata wewe huwezi.

Jambo moja walimu wenzangu hunibishia. Kwa wadogo kabisa, Darasa la Kwanza na la Pili, mimi siwawekei makopo ya kulenga mwanzoni. Mtoto wa miaka sita ukimwambia alenge kopo, anausukuma mpira kwa woga, kama anayeonja moto wa maji kwa kidole cha mguu. Harudishi mguu nyuma, haupeleki mbele. Mpeleke mbele ya ukuta wa choo cha shule (nje, mwanangu, nje), umwambie aupige mpira mpaka ukuta ulie. Akipiga kwa nguvu mwili unajipanga wenyewe: mguu unarudi nyuma, mkono wa pili unafunguka, anaruka kidogo mwishoni. Ulengaji mfundishe akishajua kupiga.

*Assalaam alaykum Bi. Filimbi. Kijana wangu ana miaka saba. Nimemnunulia njumu na mpira saizi 5, kama ule wa kwenye televisheni, gharama si haba. Lakini apiga kwa ncha ya kidole tu, na mpira waenda kokote utakako. Zamani akicheza miguu mitupu na wenziwe hakuwa hivi. Je, nimtafutie mwalimu wa kumlipa? Mzazi, Likoni*

Waalaykum salaam. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye barua yako. Miguu mitupu hakuwa hivi kwa sababu ukipiga kwa kidole bila kiatu unalia siku hiyo hiyo, na siku ya pili unatafuta mahali pengine pa kupigia: upande wa ndani wa mguu, au pale juu panapofungwa kamba za viatu. Maumivu ni mwalimu asiyelipwa mshahara. Njumu zimemfukuza kazi.

Na mpira wenyewe mzito. Saizi 5 ni mpira wa watu wazima, gramu 410 hadi 450, mzunguko wa sentimita 68 hadi 70. Mtoto wa kilo 20 na kitu akiupiga kwa upande wa ndani hauendi, ndiyo maana amegundua kidole, kwa sababu kidole kinausukuma. Mtafutie saizi 3. Akifika miaka minane au tisa mpe saizi 4, na akae nayo mpaka kama miaka 12. Ile 5 iweke juu ya kabati, au uchezee wewe na rafikizo jioni.

Mrudishe mchangani peku, maji ya bahari yakishakupwa na kuacha ule mchanga mgumu. Kagueni kwanza vipande vya chupa. Kisha mwambie apige, mwende pamoja mkaangalie nyayo: mguu wa kusimama umetua wapi? Mchanga mbichi una kumbukumbu nzuri kuliko kocha. Pesa za mwalimu wa kulipwa mnunulie samaki.

*Bi. Filimbi, mimi ni mlezi wa timu ya shule. Vijana wangu wa Darasa la Nne na la Tano wanataka mazoezi ya kupiga vichwa. Kila mmoja anajiita Samatta. Niwafundishe? Mwalimu, Kahama*

Hapana. Na kwa kuwa wamemtaja Samatta, ngoja nikupe tarehe uwasomee. Tarehe 1 Februari 2020 Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa dhidi ya Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya England. Kwa kichwa. Tarehe 1 Machi akafunga tena Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, japo Manchester City walishinda 2-1. Kwa kichwa tena. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna posa. Sasa, katikati ya mabao hayo mawili, tarehe 24 Februari, vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini. Marekani walikuwa wamekwisha kuwazuia walio na miaka 10 na chini tangu 2015.

Waingereza walichukua hatua baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow kuonyesha, mwaka 2019, kwamba wachezaji wa zamani wa kulipwa walikuwa na uwezekano wa mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo, yakiwamo yale ya kupoteza kumbukumbu, kuliko watu wengine wa rika lao. Utafiti huo haukuwahusu watoto, wala haukuthibitisha kwamba vichwa ndivyo vilivyosababisha. Lakini shingo ya mtoto wa miaka kumi ni nyembamba, kichwa chake kizito, na mpira wenu ukishalowa umande unaongezeka uzito. Mimi sisubiri uthibitisho kwa kichwa cha mtoto wa mtu.

Mpira ukija juu wafundishe kuutuliza kwa kifua na paja. Wakikusumbua sana, nunua maputo, wapige vichwa maputo. Watacheka, na hamu itapungua.

*Shikamoo bibi. Mimi ni msichana, nasoma Darasa la Tano. Napenda mpira ila wavulana hawanipi pasi hata nikiwa peke yangu. Mwalimu ameweka sheria kwamba bao la msichana ni mabao mawili, lakini sasa wananicheka zaidi. Nifanyeje? Mwanafunzi, Mkuranga*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sehemu kubwa ya jibu ni ya mwalimu wako, kwa hiyo umpelekee gazeti hili.

Mwalimu, najua ulikusudia mema. Mimi mwenyewe niliweka sheria ya aina hiyo: bao halihesabiwi mpaka msichana ameugusa mpira. Kilichotokea ni kwamba mvulana alikimbia uwanja mzima kwa chenga, akafika kwa msichana aliyesimama pembeni, akaugusisha mpira mguuni mwake kama karani anayegonga muhuri, akaendelea na safari yake. Wale mabinti walikuwa mihuri. Hawakujifunza kitu, na kila mtu uwanjani aliona kwamba hawahesabiwi kuwa wachezaji.

Kilichosaidia ni kupunguza watu. Watoto 11 kwa 11 wakicheza, wanne wanacheza na 18 wanakimbiakimbia. Gawa uwanja kwa majivu upate viwanja sita, kila kimoja hatua 20 kwa 15, watatu kwa watatu, bila golikipa, goli liwe malapa mawili yaliyoachana hatua mbili. (Malapa, si mawe. Nimeshona magoti ya kutosha.) Mkiwa watatu, asiyekupa pasi anafungwa, hahitaji kuambiwa na mtu. Na upange timu wewe mwenyewe. Ukiwaachia manahodha wachague, yuko mtoto ambaye kila wiki atachaguliwa wa mwisho mbele ya wenzake wote.

Sasa wewe mjukuu wangu. Mwaka 2022 timu ya wasichana wa Tanzania wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda Kombe la Dunia kule India. Waliwafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Hao wavulana wanaokucheka waulize kaka zao wa umri huo wamewahi kufika robo fainali gani ya dunia. Uliza kwa upole, ukiwa karibu na mwalimu.

Na nyumbani tafuta ukuta. Upande wa ndani wa mguu, mara 50 kulia, mara 50 kushoto, hatua nne kutoka ukutani, bila kuutuliza. Ukuta hauna ubaguzi, na unarudisha pasi kila mara.

*Mwanangu anatumia mguu wa kushoto. Namlazimisha atumie kulia lakini haelekei. Nimwadhibu? Baba, Bukoba*

Usimguse. Makocha wanawatafuta watu wa mguu wa kushoto kwa tochi, wewe umeletewa nyumbani bure. Afundishwe miguu yote miwili, kama wenzake wa kulia wanavyopaswa kufundishwa kushoto. Basi.

*Bi. Filimbi, mkuu wa shule anataka alama za michezo kwenye ripoti za watoto wote, na wakati huo huo anataka timu ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Napimaje watoto 112? Nimefikiria kila mmoja apige penalti kumi, nihesabu zilizoingia. Mwalimu, Songea*

Nilifanya hivyo hivyo, mwaka wangu wa tano au wa sita kazini. Penalti kumi, hatua 15, goli la mirunda, daftari mkononi. Nilijiona mwanasayansi.

Kulikuwa na mvulana aliyechelewa kuandikishwa shule, mwenzao darasani lakini ndevu zinamchungulia. Alipiga tisa kati ya kumi, zote kwa kidole. Baada yake akaja binti mdogo kuliko wote, mwembamba kama ufito. Mguu wa kusimama ulikuwa nyumbani kila mara, kifundo kimekazwa, macho kwenye mpira, mguu ukifuata mbele vizuri mpaka nikasema moyoni huyu nani amemfundisha. Mipira minane ilikwenda sawasawa katikati ya goli na ikasimama kabla ya kufika, kwa sababu uwanja ulikuwa na nyasi na mpira ulikuwa saizi 5. Miwili ilifika. Nikaandika: mbili. Nikasoma kwa sauti mbele ya darasa, maana ndivyo tulivyofanya. Kipindi kilichofuata aliniletea karatasi ya mama yake kwamba anaumwa tumbo. Akaumwa tumbo kila Alhamisi mpaka alipomaliza Darasa la Saba.

Nilipima umri na misuli, nikaandika "stadi ya kupiga".

Siku hizi ningefanya hivi. Watoto 112 usiwapime siku moja. Wakiwa kwenye makundi yao ya watatu, tembea na daftari, kila kipindi tazama watoto 15. Kila mmoja mtazame mapigo matano, na uandike vitu vitatu tu: mguu wa kusimama uko nyumbani? Kifundo kimekazwa? Mguu umeendelea mbele? Weka alama ya vema au nukta. Usiandike mpira ulikokwenda. Baada ya mwezi rudia, na alama ya ripoti itokane na nukta zilizogeuka vema. Hakuna haja ya kusoma kwa sauti.

Kuhusu timu, mkuu wako mpe timu, hiyo ni kazi pia. Lakini mazoezi ya timu yawe jioni, baada ya masomo. Nimeona shule ambako wachezaji wa timu ndio wanaokula kipindi chote cha michezo na watoto wengine 90 wanaambiwa washangilie. Kipindi ni cha hao 90.

Na mirunda hiyo ya goli, kabla hujafanya lolote, itikise kwa mikono miwili. Ikicheza, ichimbie upya kabla mtoto hajaning'inia.

Barua ya mwalimu wa Kilwa anayeuliza kama nyavu chakavu za uvuvi zinafaa kufungwa golini nimeipata. Zinafaa, ila uzifue mara mbili. Nyingine tutazungumza mwezi ujao, pamoja na netiboli.